Kichupa cha Dakika ya Pili

Kwa miaka minne Signe Haugland alikuwa akihubiri jambo moja tu katika maabara yao ya Minneapolis: kirusi kikishaingia ndani ya bakteria, hakikurupuki. Kwanza huwasha jeni za mwanzo, za kuiteka nyumba. Hizo ndizo huzifungulia njia jeni za mwisho, za kuunda virusi vipya na kumpasua bakteria mwenyeji. Tasnifu yake yote ilisimama juu ya zamu hiyo, na Ijumaa angeitetea mbele ya watahini watano wasiocheka ovyo.

Jumanne jaribio la mwisho likamgeuka. Katika kichupa alichochota Jumamosi, dakika ya pili tu baada ya kuwatia bakteria virusi, jeni za mwisho zilikuwa zimekwisha kuamka. Akarudia kipimo, jibu likawa lile lile. Dwayne Boucher, jirani yake wa meza, alichungulia akasema labda kirusi chake kimekunywa kahawa. Signe alitamani kumrushia glovu usoni.

Ibilisi hakukosa la kusema. Kichupa kimoja, nani angejua kikitupwa? Signe alikaa na wazo hilo chakula cha mchana kizima bila kugusa mkate wake, kisha akaenda kwa msimamizi wake, Verna Pruitt, akamweleza kila kitu.

Verna hakuutazama mchoro wa majibu. Alimwambia achukue maji matupu na kuonyesha alivyofanya Jumamosi, asiruke hata kupiga chafya.

Signe akachota, akabonyeza saa, akafungua daftari. Sheria ya Verna ilijulikana jengo zima: andika kwanza, kwa wino, sentensi kamili, ndipo uguse kingine. Siku zote Dwayne ndiye aliyeshika kalamu, lakini Jumamosi ile msimu wa kuwinda kulungu ulikuwa umefunguliwa, naye alikuwa msituni na bunduki ya babake. Basi, kama siku ile, Signe akaandika mwenyewe tarehe, aina ya bakteria, joto la maji, kila kitu, kwa mwandiko wa kistaarabu. Ukurasa ukajaa.

"Signe," Verna akasema taratibu, "hicho kilichomo katika mkono wako wa kushoto ni nini?"

Signe akafungua ngumi. Kichupa kilikuwa kiganjani, kina joto kama yai lililotoka kwa kuku. Ndoo ya barafu ilikuwa kando yake, haijaguswa.

"Umekaa nacho dakika saba," Verna akasema. "Kazi ya barafu ni kumsimamisha bakteria na kirusi chake pale pale. Wewe umewaatamia."

"Nilifuata sheria yako, Verna."

"Najua. Sheria yangu ni ya kipumbavu. Nitaibadilisha."

Jumatano walirudia, Dwayne akiandika na Signe akitumbukiza kila kichupa barafuni papo hapo. Alhamisi alasiri mashine ikatoa majibu: dakika ya pili, jeni za mwanzo peke yake. Za mwisho zilikuwa kimya kabisa. Signe akaketi sakafuni akalia, na kulia kule kulikuwa kutamu. Dwayne akamletea karatasi za kufutia meza, maana leso hakuwa nayo, akaketi karibu naye.

Ijumaa hakukificha kichupa kilichoharibika. Alikionyesha kwa wote, akaeleza ujinga wake bila kujitetea. Mtahini mmoja akauliza iwapo aibu hiyo ilikuwa na faida yoyote kwa sayansi.

"Ipo," Signe akasema. "Dakika mbili kwenye chupa kubwa ya bakteria, saba mkononi mwangu. Jumatano tukachota sampuli nyingine ya dakika ya tisa, tukaitia barafuni bila kuchelewa. Vipimo vyake vimelingana na vya kichupa hiki."

Akaufungua mkono wake mtupu mbele yao.

"Mimi ndiye niliyepoteza hesabu. Kirusi chenyewe, humu kiganjani, hakikuruka hata dakika moja."