Biskuti za Chumvi na Mgeni wa Lifti ya Mizigo

Siagi ilikuwa baridi kama inavyotakiwa. Jecinta aliikata vipande vidogo, akavimwaga kwenye unga, akaanza kuvisugua kwa ncha za vidole, taratibu, mpaka unga ukawa kama chenga za mkate. Akatia jibini iliyokunwa, majani makavu ya zaatari na chumvi, akamalizia kwa labani, maziwa ya mgando, baridi kutoka kwenye friji. Upande wa pili wa ukuta mwajiri wake, madam Arwa, alikuwa akipanga vijiko mezani. Jioni ile walikuwa wanakuja wageni wa mumewe, sir Humam, na wageni wa sir walipenda biskuti za chumvi, za moto, pamoja na supu ya adesi na kuku wa kuoka.

Mwanzoni jambo hili lilimpa Jecinta tabu. Kwao Kimilili biskuti ni kitu kitamu, huliwa na chai, tena huliwa na mgeni huku watoto wa nyumbani wakimtazama mdomo. Hapa Oud Metha, mtaa wa mji wa Waarabu, biskuti ilikuwa nene kama andazi lililojaa kiburi, haina sukari hata punje, na watu wazima wenye akili zao waliichovya kwenye supu. Kila nchi na wazimu wake. Jecinta alijifunza, akazoea.

Wiki ile mama yake alikuwa amefariki. Mama Rasoa, ugonjwa wa presha. Simu ya mdogo wake Harrison ilimkuta akipiga pasi shati la sir. Akalimaliza lile shati, maana pasi ilikuwa ya moto, ndipo akaketi sakafuni akalia. Alipokwisha kulia alinawa uso, akaenda kuomba ruhusa ya kusafiri.

Ruhusa yenyewe haikuwa ya anasa. Katika ukoo wao, kifungua mimba ndiye anayetia udongo wa kwanza kaburini. Asipotia yeye, marehemu haingii kwa waliomtangulia. Hubaki nje kama mtu aliyefungiwa mlango na watu anaowasikia wakila. Na kifungua mimba wa Mama Rasoa alikuwa Jecinta.

Sir Humam alimsikiliza vizuri sana. Akasema, "Inshallah." Jecinta alikwisha kuzijua inshallah za sir: hiyo ilikuwa ile ya kufunga mazungumzo.

Madam alisema, "Pole, Jecinta. Subiri kwanza wageni wamalizike."

Wageni wa nyumba ile hawakuwa na desturi ya kumalizika. Na pasipoti ya Jecinta ilikuwa ndani ya sanduku la chuma, kwenye kabati la madam, chini ya mikoba. Mikoba ilitoka mara kwa mara.

Basi Jecinta aliukunja unga wake, akaukandamiza kidogo tu, akaukata kwa mdomo wa glasi, akautia kwenye oveni. Biskuti zilipoiva akaitoa ya kwanza, akaiweka pembeni kwenye kisahani. Hiyo alifundishwa na mama yake. Cha kwanza kutoka motoni, kiwe chapati, kiwe kitumbua, hakiliwi na mtu wa nyumbani. Ni cha mgeni ambaye bado hajafika.

Simu ya ukutani ikalia. Alikuwa Yekoniya, Mganda anayelinda lango la jengo.

"Dada Jecinta, kuna mama hapa chini anakuuliza. Anasema ni mama yako mzazi."

"Mama yangu amekufa, kaka Yekoniya."

"Hata yeye amesema hivyo. Shida ni kitambulisho. Hana."

"Mpandishe tu, tafadhali."

"Nampandisha. Ila lifti ya mbele ni ya wenye nyumba na wageni wao. Itabidi apande na ile ya mizigo."

"Sawa. Mwambie asiguse vitufe. Atavibonyeza vyote."

Mama Rasoa alifika akiwa amebanana liftini na mashine ya kufulia ya watu wa ghorofa ya juu. Alivaa gauni lake la kijani la kwaya, lile alilovalishwa mochari, na miguu ilikuwa mitupu kwa sababu Harrison alisahau kupeleka viatu. Puani alikuwa na pamba. Aliitoa, akatafuta pipa la taka, akaitia humo. Alikuwa mwanamke msafi tangu zamani.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Mbona umekonda? Hizi siagi zote anakula nani?"

Aliketi kwenye kiti cha jikoni, akakivuta kile kisahani, akaila ile biskuti polepole, akitazama dari kama afanyavyo fundi anayesikiliza injini.

"Umesugua mno," alisema. "Siagi imeyeyukia vidoleni. Wewe mikono yako ni ya moto, umeirithi kwa baba yako. Na chumvi umeogopa. Kitu kinaitwa biskuti ya chumvi, halafu unaogopa chumvi?"

"Mama, umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kukuchukua. Mimi nimechoka kule kwenye droo ya mochari. Baridi, na yule mzee wa droo ya chini anakoroma. Hata kufa hakukumponya. Twende unitie udongo nikapumzike."

"Sina pasipoti."

"Mbona mimi nimepita bila pasipoti?"

"Wewe umekufa, Mama."

"Kweli," alisema Mama Rasoa. "Ina nafuu zake."

Sinia la kwanza lilikuwa bado linakwenda mezani Mama Rasoa alipokunja mikono ya gauni. Mikono ya maiti ni baridi, na hakuna kinachoifaa siagi kama mikono baridi. Aliusugua unga mwingine bila hata chembe moja kuyeyuka, akaukunja mara kadhaa kama kitambaa cha kanisani. Biskuti zake ziliumuka oveni nzima zikiwa na tabaka, ukizifungua zinatoa mvuke kama mtu anayeshusha pumzi.

Mezani wageni waliisahau supu. Halafu mmoja wao, Marhun, mtu mzito aliyekuwa na biashara na sir, akauliza kama zimebaki. Zikaletwa. Akauliza tena. Madam akainuka mwenyewe, jambo lisilo la kawaida, akaja jikoni.

Akamwona mwanamke mgeni mwenye unga mpaka viwikoni.

"Huyu nani?"

"Mama yangu, madam."

"Yule aliyekufa?"

"Huyohuyo."

Madam alimtazama kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka miguuni. "Amenawa mikono?"

"Amenawa."

"Tayyib, vizuri. Aoke nyingine."

Wageni walipoondoka, Mama Rasoa alitaka kuzungumza na wenye nyumba, na Jecinta akawa mkalimani, kwani kufa hakumfundishi mtu Kiarabu. Aliketi kwenye ncha ya kochi, akaunganisha magoti. Alianza kwa kushukuru kwa mwanawe kupata kazi. Akasifu mapazia. Halafu akasema kwamba yeye ni maiti, kwamba anasubiri kuzikwa, na kwamba bila huyu binti hazikiki. Aliomba apewe mtoto kwa muda mfupi tu. Akishatia udongo atarudi kufua.

Madam alifikiri. Hakuwa mtu mbaya wa kelele. Alikuwa akifikiri kwanza.

"Jecinta," alisema, "uliomba kwenda nyumbani kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya mama, madam."

"Na mama yuko wapi?"

Jecinta akamtazama mama yake pale kwenye kochi.

"Basi, khalas. Umeshamwona. Wenzako wanasafiri mbali kuwaona mama zao. Wa kwako kajileta."

Sir Humam alitikisa kichwa kukubali. Jambo lilikuwa na mantiki. "Inshallah," alisema, ingawa hapakuwa na mtu aliyemwomba kitu.

"Amesemaje?" aliuliza Mama Rasoa.

"Amesema karibu."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Madam hakuwahi kuisikia methali hiyo, lakini kuna watu hawahitaji kufundishwa. Siku ya tatu Mama Rasoa alikuwa na aproni. Chakula hakikumlazimu, kitanda hakudai. Kiyoyozi hakukipenda, kilimkumbusha mochari, kwa hiyo akapumzika kwenye kibaraza cha kuanikia nguo, kwenye joto ambalo paka wa jengo walilikimbia, akasema ndilo jua la kwanza la maana alilolipata tangu afe.

Sifa za biskuti zilitoka Oud Metha zikafika kwenye minara ya mtaa wa Marina, kwa mashoga wa madam. Nao wakaja kula. Madam aliwaambia ni mapishi ya marehemu bibi yake.

Jecinta akatafsiri. Mama Rasoa alicheka mpaka unga ukapeperuka.

"Basi mimi ndiye bibi yake. Mwambie bibi yake anamwagiza: ampe ruhusa mwanangu Jecinta."

"Siwezi kumwambia hivyo, Mama."

"Unaogopa. Kama ulivyoogopa chumvi."

Kule Kimilili Harrison alikuwa akipiga simu kila mara. Jecinta alimweleza ukweli kwamba mama yuko huku. Harrison hakubisha. Alikuwa ametoka mochari kumtazama.

"Huku pia yuko," alisema. "Ila anaonekana kama mtu aliyetoka kidogo. Dada, wazee wamechoka. Hema limekodishwa, ng'ombe amefungwa. Wanasema Jumamosi tunazika, uwepo usiwepo."

"Nani atatia udongo?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

Jecinta alikata simu, akaenda moja kwa moja chumbani kwa madam. Safari hii hakuanza kwa kuomba radhi. Alisema Jumamosi mama yake anazikwa, na kwamba asipofika, mama hatakuwa na pa kuingia. Atakaa nje milele.

Madam aliacha kuchana nywele. Macho yake yalilowa, kwani hata yeye alikuwa na mama.

"Maskini," alisema. "Lakini akikaa nje huko, si anakaa ndani huku? Hapa ana nyumba. Mimi sijamfukuza."

"Madam, hataki kukaa. Anataka kupumzika."

"Na Jumamosi anakuja Marhun na wenzake kutia saini mkataba. Ameziulizia biskuti. Nitafanyaje?" Aliuliza kwa dhati kabisa, kana kwamba Jecinta angeweza kuwa na wazo. Kisha akampa ruhusa ya kuutazama msiba kwenye simu, ndani ya saa za kazi, na akamtolea nywila ya intaneti ya wenye nyumba, ile yenye kasi. Nyuma yake mlango wa kabati ulikuwa wazi, mikoba imejipanga juu ya sanduku.

Jumamosi simu ilisimamishwa mezani jikoni, ikiegemea chupa ya labani. Mama Rasoa aliketi mbele yake na bakuli la unga mapajani, maana wageni walikuwa njiani na siagi ikishatoka kwenye friji haisubiri msiba. Walitazama pamoja. Kwaya iliimba. Mchungaji akahubiri kwa urefu.

"Yule analia nini?" aliuliza Mama Rasoa, akimwonyesha kwa kidole chenye unga mwanamke aliyeshikiliwa na watu wawili. "Sufuria yangu iko kwake mpaka leo."

"Mama, nyamaza, wanakusomea wasifu."

"Wasifu gani, wamemruka dada yangu."

Jeneza lilishushwa. Wanaume wanne walilishika, wakalishusha kwa urahisi, na mmoja akasikika akisema limekuwa jepesi. Harrison alisogeza simu karibu na shimo, akalielekezea kaburi uso wa Jecinta.

"Dada, sema kitu. Mimi nitatia kwa niaba yako."

Jecinta aliinama mbele ya simu. Akanyoosha mkono kuelekea kwenye kioo cha simu, mkono umekunjwa kama ulioshika kitu, akaufungua. Chenga za unga zilianguka juu ya meza. Kule Harrison akatupa konzi ya udongo mwekundu, ukagonga ubao.

Mama Rasoa aliacha kusugua, akatega sikio.

"Umesikia kitu, Mama?"

Akasubiri zaidi. Kwenye simu majembe yalianza kwa pamoja, wale vijana wa kwao wanajua kufukia.

"Hapana," alisema. "Huo udongo ulikuwa wa Harrison. Ni kijana mzuri, lakini si wewe."

Walitazama mpaka udongo ukafanya tuta, mpaka wakapanda msalaba, mpaka watu wakaanza kusogea upande wa chakula na Harrison akasema chaji inakwisha. Kioo kikawa cheusi. Wakajiona humo wote wawili, wamefanana pua.

"Nitaenda, Mama," alisema Jecinta. "Mwaka huu au ujao. Nitalifukua kaburi kwa mikono."

"Najua," alisema mama yake. "Washa oveni."

Madam aliingia amevaa vizuri, ananukia udi, na mkononi ana mfuko. Aliuliza kama mazishi yalikwenda salama. Aliambiwa yalikwenda salama. Akasema alhamdulillahi, akatoa sare mpya ya kijivu, sawasawa na ya Jecinta, akamwekea Mama Rasoa begani kupima. Ilimzidi kidogo mikononi.

Kengele ya mlango wa mbele ililia. "Yalla," alisema madam, akatoka kuwapokea.

Mama Rasoa alivua gauni la kwaya, akalikunja vizuri, akalitafutia mahali kwenye rafu ya Jecinta. Akavaa sare. Jecinta akamfunga vifungo vya mgongoni, kimoja kimoja, kuanzia chini, kwa sababu vidole vya mama yake vilikuwa vimeshikana kwa unga. Biskuti zilipoiva, Jecinta alichukua sinia. Mama yake akachukua la pili, maana wageni walikuwa wengi.