Walichosoma Darasa la Kwanza

Mwalimu mkuu wetu ana ulimi wa asali na roho ya kutu. Nimesema, na anayetaka kunisemea akanisemee! Alimwita wifi yangu ofisini, mimi mwalimu mwenzake nikiwepo, akamwambia: "Dada, ukiumudu ule ubao wa kompyuta wa kugusa mbele ya mkaguzi, darasa la kwanza linabaki lako. Ukishindwa, nakuhamishia stoo ukapange vitabu."

Wifi yangu ni mjane wa kaka yangu. Mungu hakumjalia mtoto. Watoto wake ni wale wa darasa la kwanza, basi. Mumpeleke stoo? Si bora mmzike tu! Akajifunza. Kila jioni nilimwona akiugusa ubao kwa ncha ya kidole kama anayepima joto la pasi. Walimu vijana wakamcheka: "Bibi, hauumi huo!"

"Najua," akawajibu. "Mnaouma ni nyie."

Siku yenyewe, mkuu akajitia wema, akamwazima kompyuta yake mwenyewe, ati ile ya shule inakwamakwama. Ikaunganishwa na ubao. Yeye akakaa nyuma ya darasa na mkaguzi, kichwa chini, vidole kwenye simu. Mimi nilisimama mlangoni, roho juu juu.

Wifi yangu ana mtindo wake. Akisomesha, haangalii ubao. Anaupa mgongo, macho kwenye midomo ya watoto, apate kumjua anayebabaisha. Mtoto mmoja anasimama ubaoni kugusa maneno, wenzake wanasoma kwa sauti moja. Na wakishaanza, ni marufuku kuishia njiani.

Lo, walisoma! "Kuku amepanda juu ya meza." "Baba amenunua viatu vipya." Mkaguzi akawa anaitikia kwa kichwa. Nikajisemea, leo wambea watakosa la kusema.

Mara ujumbe ukachomoza pembeni mwa ubao. Mkuu, mtu mzima yule, alisahau kwamba ujumbe wa simu yake unaingia pia kwenye kompyuta yake! Binti aliyekuwa ubaoni akaona maneno, akayagusa kama alivyofundishwa. Mazungumzo yote yakafunguka, yakajaa ubao mzima. Watoto wakayapokea kwa sauti moja, wazi, bila kigugumizi:

"Mjomba, hicho kizee bado hakijamaliza? Tulia, mpwa wangu. Haya ni maigizo tu. Hata afundishe kama malaika, Jumatatu darasa ni lako."

Wifi yangu hakugeuka. Alibaki kuitazama ile midomo midogo mpaka neno la mwisho.

Mkuu akaruka viti, akauvamia ubao, akaanza kuufuta kwa leso. Weee! Kila akipapasa, maandishi yanazidi kuwa makubwa. Watoto wakadhani anawaambia warudie. Wakarudia, safari hii kwa nguvu zaidi.

Mkaguzi akakohoa, akafunga faili lake. Nikasema moyoni, haya, haki ndiyo hiyo inakuja. Haki gani! "Kusoma wanajua," alisema, bila kumtazama wifi yangu usoni. "Ila vifaa hivi vinataka kijana." Akamshika mkuu bega, wakatoka wakiulizana chai iko wapi. Walinipita pale mlangoni wala hawakuniomba njia.

Watoto wakatazamana. Yule binti wa ubaoni ndiye aliyeuliza, kidole bado kiko juu:

"Mwalimu, tumepatia?"

Wifi yangu alikuwa ameshika ukingo wa dawati kwa mikono yote miwili.

"Mmepatia, wanangu," akasema. "Hamkukosea hata neno."

Wakajipigia makofi.