Mkono Uliotulia

Wembe ulimgusa mwalimu chini ya sikio, na uzi mwembamba wa damu ukateremka hadi kwenye kitambaa cheupe nilichomfunga shingoni. "Si kitu, fundi," alisema, akijifuta kwa kiganja. Lakini hakurudi tena. Wengine walinitania kwamba nanyoa huku nimepanda pikipiki, kisha nao, mmoja mmoja, wakahamia kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara.

Vidonge ndivyo vilivyonitetemesha. Vilikuwa vimenirudishia akili baada ya miaka ya kupanda na kushuka, wiki za furaha isiyo na breki na miezi ya kulala nimeugeukia ukuta. Vikanirudishia akili, vikanichukulia mikono. Daktari alinibadilishia dawa. Ile mpya haikutetemesha, ila ilinilaza kama gogo. Nikawa nasinzia nimesimama, mashine ikinguruma kichwani pa mtu. Tukarudi kwenye ile ya kwanza.

"Tutapunguza kidogo kidogo," daktari aliniambia. "Usiiache mwenyewe."

Nikaiacha mwenyewe.

Sitadanganya, wiki tatu zile zilikuwa tamu. Mkono ulitulia tuli. Nilichonga ndevu za watu kwa mstari ulionyooka, nikarudi nyumbani naimba. Mke wangu alinisikiliza, akaacha kukunja nguo.

"Umeacha dawa?"

"Kwani huoni nimepona?"

Aliijua furaha ile, inakotoka na inakoelekea.

Asubuhi moja, nikiwa sijapata usingizi siku nne, mke wangu alitangulia kazini. Binti yetu, wa miaka saba, alikuwa anafunga vifungo vya sare ya shule. Nilimtazama, nikaona waziwazi, kama mtu aonavyo meza iliyo mbele yake, kwamba ugonjwa wangu umehamia kwenye nywele zake. Nikamkalisha kitini.

"Baba, basi," alilia. "Baba, mama kanisuka jana tu!"

Nilimbembeleza kwa sauti ya upole kabisa, huku naendelea, mpaka kichwa kikang'aa. Sikumkwaruza hata mara moja. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: mikono yangu haijawahi kutoa kazi safi kama ile.

Niliporudi kutoka hospitali, wiki sita baadaye, nyumba ilikuwa imefagiwa, vyombo vimeoshwa na kupangwa, mama na mwana hawapo. Walikuwa wamehamia kwa shemeji yangu. Sikuwafuata. Ningewaambia nini?

Miaka minne imepita. Sinyoi tena, nafua mataulo ya saluni ya mtu mwingine. Dawa nameza kila siku, na mikono inacheza itakavyo.

Jumamosi iliyopita mke wangu alimleta binti yetu. Alinisalimu kwa mbali. "Nitampitia saa kumi," akasema, akaenda zake.

Binti yangu alibaki mlangoni. Amerefuka, nywele zake zimesukwa zikamfika mabegani. Hakuniamkia. Alikuwa anatazama mikono yangu. Nilikuwa nimemwandalia chai, na kikombe kiligongagonga kisahani, chai ikanimwagikia vidoleni. Nikaona aibu. Nikageuka nikiweke mezani, nitie mikono mfukoni.

"Usiifiche, baba."

Nikasimama palepale. Akaitazama ikitetemeka, bila haraka, mpaka akaridhika.

Kisha akavua viatu, akaingia ndani.