Mayai Viza ya Kidimu

Msinicheke nikiwasimulia habari za kuku. Waliocheka kwanza ndio waliolia zaidi.

Katika nchi ya Viota alitawala Mfalme Kuchi. Sheria ya kula ilikuwa moja: majogoo hula kwanza, kwenye hori la Mfalme, na mitetea hupekua vumbini. Sheria ya uzazi nayo ilikuwa moja: mtetea akiatamia mara tatu na mayai yakawa viza, hunyonyolewa mkia akatolewa nje ya ua, kwa kicheche. Kosa la jogoo halikuandikwa popote. Jogoo, walisema, hakosei.

Ndipo Waziri Bata akaleta unga mwekundu kutoka ng'ambo. Ukinyunyizwa kwenye mtama wa horini, mtama hauozi, unanukia, unapendeza macho. Vilemba vya majogoo vikawaka vichwani. "Huu ndio uanaume!" alisema Mfalme. Tangu hapo vifaranga wakaadimika, na mitetea ishirini na wawili wakanyonyolewa, wake wawili wa Mfalme wakiwamo. Lo! Na hakuna aliyeuliza.

Sasa ilikuwa zamu ya Kidimu, yule mwenye manyoya ya kupinda. Siku ya ishirini na moja, mara ya tatu, aliyategea sikio mayai yake saba. Kimya. Mumewe Kishingo, aliyemletea mchwa kila asubuhi alipokuwa akiatamia, alisimama kando asijue la kufanya.

Wakaitwa barazani.

"Mfalme wangu," alisema Kidimu, "jogoo Kiguru amevunjika mguu, hafiki horini. Anapekua nasi vumbini. Mkewe ameangua vifaranga kumi na mmoja. Kati ya majogoo wote walio hapa, nani mwingine ameitwa baba mwaka huu?"

Bata akakohoa. "Mfalme, huyu anataka kusema majogoo wako si majogoo."

"Nasema uacheni unga ule miezi michache tu, tuone."

"Alaa!" alifoka Mfalme. "Mimi niliyewika kabla hujaanguliwa, leo nipimwe na mtetea?"

Kidimu akamgeukia mumewe. "Mume wangu, sema. Uliniambia mwenyewe, tangu uanze kula unga ule mwili haukutii. Sema, waniache."

Kishingo aliwatazama wenzake. Kilemba chake hakijawahi kuwa chekundu vile. Akaiinamisha shingo yake isiyo na manyoya, akarudi nyuma katikati yao. Mpaka leo nikimkumbuka namchukia, kisha namwonea huruma.

Wakamnyonyoa Kidimu. Hakulia. Alisema tu, "Yafunikeni mayai yangu, kuna baridi."

Asubuhi hori lilijaa kama kawaida, ila Kishingo hakutokea. Walimkuta kiotani ameyakalia yale mayai saba, jogoo mzima. Kicheko kilichoangushwa hapo!

"Wee! Tangu lini jogoo akaatamia?" aliuliza Mfalme.

"Haya mayai viza ni yangu," alisema Kishingo. "Si ya Kidimu. Ni yangu mimi. Na yale ya wakeo, Mfalme, yalikuwa yako."

Kicheko kikakatika. Mmoja wao akakimbilia uani kumwita Kidimu arudi. Akaita mara ya kwanza, akaita tena. Nje ya ua palikuwa na manyoya machache tu, ya kupinda.

Jua likapanda, na hori likabaki limejaa.