Kisima cha Mama Kamili

Onesmo alipotaka kuuza nyumba yake alianza na milango. Mwaka ule wa themanini na nne rangi ilikuwa haipatikani Kahama nzima, hata kwa kujuana, kwa hiyo aliomba oili chafu kwa fundi wa malori, akaipaka milango na fremu za madirisha mpaka zikang'aa. Kuta akazisiliba upya kwa udongo na mavi ya ng'ombe, juu yake akapiga udongo mweupe. Bati lililokuwa likivuja akalihamishia upande wa stoo, ambako mnunuzi hatachungulia. Sisi majirani wa Nyasubi tulikuwa tukipita na kusifu. Kusifu ni bure, na kwa vya bure sisi hatujambo.

Lakini sifa kubwa ya nyumba ile ilikuwa kisima. Kiangazi, wanawake wa mtaa walikuwa wakipanga ndoo bombani tangu alfajiri, na bomba lenyewe linatoa maji likijisikia. Onesmo alikuwa na kisima uani kwake. Angekuwa na jiwe la dhahabu asingejivuna zaidi.

Kisima hicho ndicho kilichowaua watoto wake wawili, na mtaa mzima tulijua. Alianza Kamili, mtoto wa kwanza, akaharisha mpaka macho yakaingia ndani. Masika iliyofuata akamfuata mdogo wake Nyamizi, kwa ugonjwa uleule. Baada ya mazishi ya pili bwana afya alikuja, akatazama choo kilipo na kisima kilipo, akasema mvua ikinyesha viwili hivyo vinakutana chini kwa chini. Alitaka vyote vifukiwe. Onesmo alifukia choo, akachimba kingine nyuma ya nyumba, na juu ya kile cha zamani akapanda mchicha. Kisima hakukigusa. Nyumba bila kisima, alisema, ni kibanda tu. Mwenyewe aliendelea kuyanywa maji yale na hakufa, basi hiyo ikawa hoja yake, na ukimwambia kuwa tumbo la mtu mzima si la mtoto anakuuliza wewe umesomea wapi.

Mkewe Theopista hakuyanywa tena. Alijipanga bombani kama sisi wengine, ana kisima chake mwenyewe uani. Mimba ya tatu ilipoingia akamwambia mumewe neno moja, kwamba hazai tena katika nyumba ile. Onesmo alikuwa na kaka yake Geita kwenye machimbo, aliyempa uwanja wa kujenga, lakini mtu hajengi kwa maneno. Bila kuuza hawaondoki, na wasipoondoka mtoto atazaliwa palepale. Ndiyo maana Theopista, tumbo limeshamwelemea, alipiga magoti akakandika sakafu zote kwa mikono yake. Aliitaka nyumba ile iuzwe kuliko mumewe alivyotaka.

Mnunuzi wa kwanza alipiga ukuta kwa kiganja, akachungulia dari, akaridhika. Kisha akauliza watoto wako wapi. Huku kwetu mtu hanunui bati na tofali tu, hutazama kama nyumba inalea. Nyumba isiyo na mtoto, au iliyotoa jeneza dogo, husemwa kuna kitu kimefukiwa kizingitini, na hata ukiigawa bure huna wa kuipokea. Onesmo aliposita kujibu, yule bwana akakumbuka kwamba ana safari.

Hapo ndipo Onesmo alipopata akili yake ya kuazima watoto. Alimwendea jirani yao Zipora, mama wa Donatus na Klara, akawaomba kwa siku moja tu. Zipora alikubali kwa kumhurumia Theopista. Alikuwa na sharti moja, alilomwambia Theopista mwenyewe, mwanamke kwa mwanamke: "Mayu, wacheze, wale, ila yale maji wasiyaguse." Siku yenyewe yeye angekwenda mnadani, ili watoto wasije wakamkimbilia mbele ya wageni.

Kilichobaki ni majina. Theopista alifikiri wataitwa kama walivyobatizwa. Onesmo akamkatalia.

"Mtaa mzima unakuita Mama Kamili," alisema. "Mgeni akiuliza Kamili ndiye yupi, utamwonyesha nini?"

Theopista alilia siku nzima. Kesho yake alimwogesha Donatus kwa maji ya bombani, akampaka mafuta, akafungua sanduku akatoa shati la Kamili, akamvalisha. Lilimbana kidogo mabegani. Onesmo akamfundisha mtoto jina lake jipya, na nani amwite mama, akamwahidi sukari ya kulamba. Mwaka ule sukari ilikuwa ya kuulizia, na mtoto kwa sukari angekubali kuitwa hata Abunuwasi. Mtu amlaumu Theopista akitaka. Mimi simlaumu, maana alichoambiwa ni kwamba mnunuzi ni Valerian, mfanyabiashara wa mpunga wa Kagongwa, anayetafuta nyumba ya kuwekea magunia. Magunia hayanywi maji.

Valerian alishuka kwenye lori mchana, na nyuma yake akashuka mkewe, Anisia, ana mtoto mgongoni.

Theopista alimwona yule mtoto akashika mlango. Onesmo hata hakumtazama, alishawachukua wageni kuwazungusha. Valerian aligonga kuta, akasifu milango, akasifu na mchicha, akasema hajaona mchicha mnene hivyo kiangazi. Anisia alisema kidogo. Alikuwa mwanamke mtulivu, wa kutazama kwanza. Watoto wa Zipora walimwamkia vizuri, naye akawaitikia marahaba, akamshika Klara kichwa, akauliza kama nyumba haina homa. Onesmo akajibu awatazame mwenyewe hao Kamili na Nyamizi.

Walipofika uani Anisia akasimama mbele ya kisima, akasema kwamba Kagongwa watu huamka usiku kufuata maji. Akamfungua mtoto mgongoni, msichana mdogo aliyekuwa ndiyo kwanza anajua kusimama, akaomba kikombe. Onesmo alikuwa ameshavuta ndoo.

"Usimpe," Theopista alisema. "Haya maji yameniulia watoto wawili."

Wote wakamgeukia. Onesmo alicheka kwanza, akaomba radhi, akasema mimba ile imemvuruga mkewe tangu ilipoingia, kila mara huona vifo. Valerian naye akacheka, akasema wa kwake alikuwa akila udongo wa ukutani. Anisia hakucheka.

"Watoto gani, dada?" aliuliza.

"Kamili na Nyamizi. Nimewazika wote."

"Si umeniambia Kamili ni huyu?" Anisia alimwuliza Onesmo, akimwonyesha Donatus. Kisha akainama mbele ya mtoto. "Wewe ni nani, baba?"

Donatus alimtazama Onesmo. "Kamili," alisema.

"Na mama yako ni nani?"

Mtoto akanyoosha kidole kwa Theopista, kama alivyofundishwa.

"Si mwanangu huyu," Theopista alisema. "Ni wa jirani, ameazimwa. Wangu yuko makaburini, twendeni nikawaonyeshe."

Ukweli mtupu, na hakuna alichoweza kusema kikamharibia zaidi. Mwanamke anayemkana mtoto mbele ya macho ya mtoto, mtoto amevaa shati lililofuliwa na kunyooshwa, amepakwa mafuta, amemwita mama. Valerian aliacha kucheka, akatazama pembeni kwa aibu ya mtu aliyeona ugonjwa wa nyumba ya watu. Klara alianza kulia. Onesmo akamshika mkewe mkono, taratibu, akasema, "Basi, Mama Kamili, basi," kwa sauti ya huruma. Mungu anisamehe, ile sauti ndiyo inayonikera kuliko uongo wake wote. Theopista alimwita Zipora kwa nguvu zake zote, mara mbili. Zipora alikuwa mnadani. Wengine tulikuwa majumbani mwetu, madirisha wazi, tukisema moyoni kwamba biashara ya mtu haiingiliwi.

Anisia peke yake ndiye aliyekuwa bado ana shaka. Alimtazama Theopista usoni, akayatazama maji ndooni, meupe kabisa. Hakuwa mjinga. Alifanya jambo ambalo mama yeyote mwenye busara angelifanya katika nyumba ya watu asiowajua: alichota kikombe, akampa kwanza mtoto wa nyumba.

"Kunywa wewe kwanza, Kamili," alisema.

Theopista aliruka mbele, lakini Onesmo alikuwa ameushika ule mkono barabara sasa. Alimtazama mvulana akatikisa kichwa kumwambia ndiyo. Jua lilikuwa kali na Donatus alikuwa amecheza tangu asubuhi. Alipokea kwa mikono miwili, akanywa mpaka nusu, akapumua, akajifuta mdomo kwa mkono wa shati. Anisia alimngoja, akimtazama, kama anayengoja chungu kichemke. Hakuona kitu. Basi akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye lori, akamsogeza binti yake karibu na kisima.

Zipora aliwalea wanawe vizuri. Donatus alikishika kikombe chini ya kidevu cha yule mtoto mdogo ili kisimmwagikie, akamwinulia polepole, na mtoto akanywa yote yaliyobaki.