Chumba Rangi ya Ufizi

Mume alikuwa na jibu la kila jambo, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Najua. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa wa mwisho kuanza kumwita hivyo, lakini alipoanza, hakuna aliyelitamka jina hilo kama yeye. Alilivuta mwishoni, kama anayekaza uzi kabla ya kuukata kwa meno.

"Najuaaa, chai inapoa."

Najua aliliitikia kama cheo.

Mwezi ule walikuwa wanamsubiri mama mzaa chema, mama yake Najua. Macho yake yalikuwa yamefifia kwa presha ya macho, na kule kwa binti yake alikokuwa akiishi kulikuwa na ngazi zilizokwisha kumwangusha. Alikubali kuhamia kwao kwa sharti moja: chumba chake kiwe cheupe, apate kuona mlango uko wapi. Daktari mwenyewe ndiye aliyeshauri hivyo.

Mke aliitaka siku ile ifike kuliko alivyoonyesha. Mama mkwe ndiye aliyemfundisha kukata kola, na ndiye mtu pekee aliyewahi kukaa kwenye kigoda kando ya cherehani yake wakacheka mpaka uzi ukakatika. Kuishi na Najua bila shahidi kulikuwa kumemchosha.

Shida ilikuwa chumba chenyewe. Najua alikuwa amekipaka damu ya mzee, rangi ya mafuta inayong'aa, enzi zile alipokiita ofisi. Ofisi ya nini, hakuna aliyejua mpaka leo. Ukiingia humo mchana ulijiona umemezwa na mnyama.

Walikwenda pamoja kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Najua akachagua rangi ya maji, nyeupe kama maziwa. Muuzaji akauliza ukutani kuna nini, akaambiwa.

"Basi piga msasa kwanza, mzee, ule mng'aro ufe. Halafu paka praima, iache ikauke, ndiyo upake hii. Bila praima haitashika, na ile nyekundu itachungulia."

Najua alicheka mpaka wateja wakageuka. "Praima! Rangi ya kupaka chini ya rangi, isionekane na mtu! Ndugu yangu, ukitaka kuniibia, niibie kwa kitu ninachokiona."

Mke akatazama viatu vyake. Yeye ambaye hajawahi kushona koti bila bitana alijua vizuri kwamba kisichoonekana ndicho kinachobeba kinachoonekana. Angeweza kusema. Lakini kumwambia Najua kitu ni kumpa nafasi ya kukujibu, na majibu yake alikuwa ameshiba. Kesho yake akarudi dukani peke yake, akanunua kopo la praima, akalisukuma chini ya meza ya kukatia na kulifunika kwa mabaki ya vitambaa.

"Ataomba," alijiambia. "Ataniomba kwa mdomo wake. Siku hiyo nitalitoa."

Najua akavaa fulana iliyotoboka na kofia ya gazeti, akaanza kazi kwa kupiga mluzi. Rola ilipanda na kushuka, nusu ya rangi ikaenda ukutani na nusu ikabaki kwenye nywele za mikono yake. Ikapendeza kwa muda, kama uongo wowote. Ilipokauka, wekundu ulikuwa umepanda juu.

Mke akasimama mlangoni na futi yake shingoni. "Kimekuwa rangi ya ufizi."

"Bado haijakomaa. Rangi hukomaa."

"Kama ndizi?"

"Wewe unajua nini kuhusu rangi, mwanamke?"

"Mimi sijui kitu, bwana. Wewe ndiye Najua."

Akapaka tena juu yake, kisha tena, mpaka kopo likalia kwa kukwanguliwa. Weupe ukaja hatimaye, mzito, wenye michirizi kama shavu la mtoto aliyelia. Najua akarudi nyuma hatua, akashika kiuno, akasema mafundi wote wa mji ni wezi.

Usiku ule mke aliomba kama kawaida yake, magotini: "Ee Mungu, uuvunje moyo wenye kiburi." Aliomba kwa sauti ya kutosha kusikika upande wa pili wa kitanda. Kuhusu kopo lililokuwa chini ya meza hakumwambia Mungu lolote.

Wifi yake akamleta mama siku iliyofuata, amemshika mkono, begi begani. Mama alipofika kizingitini alisimama, akainua uso.

"Ala! Humu kumekucha!"

Najua akavimba kama andazi. "Nilikwambia, Mama. Mikono yangu mwenyewe."

"Mungu akubariki, mwanangu. Niacheni sasa, nikizoee."

Akaingia kwa namna yake ya siku hizi, kiganja ukutani, akitelezesha taratibu kutafuta pembe, dirisha, mahali pa kitanda. Hakufika kwenye dirisha. Ile rangi ilimfuata mkononi. Ilijibandua yote pamoja, laini, kama utando wa maziwa yaliyopoa, na nyuma yake damu ya mzee ikang'aa vilevile, haina hata mkwaruzo.

Mama akasimama na kipande kikining'inia vidoleni. "Nimeshika pazia?"

"Ni unyevu, Mama," Najua akasema haraka. "Kuta za siku hizi..."

Mama akapapasa tena. Kipande kingine kikaja.

"Kaka, ukuta unavua nguo!" wifi akaangua kicheko.

Mke naye akacheka. Alicheka kutoka tumboni, na utamu wake ukampanda mpaka kichwani. "Dukani tuliambiwa praima, wifi yangu. Bwana akasema anaibiwa! Mwulize sasa nani kaibiwa."

Najua alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu waoane, hakukuwa na kitu ndani.

Mama hakucheka. Alifuta kiganja kwenye kanga, akatoka kuelekea sauti ya saa ya ukutani, iliyomwonyesha ulipo ukumbi wa cherehani. Akatafuta kigoda chake, akakaa. Mguu wake ukagonga kitu kizito chini ya meza. Kikalia tii.

"Hiki nini?"

"Kopo tu, Mama," mke akasema. Kicheko kilikuwa bado hakijamwisha usoni.

Wifi akainama, akafunua vitambaa, akasoma. "Praima. Halijafunguliwa."

"Lilikuja lini?"

Najua alimtazama mkewe, na mke akatazama futi.

"Lilikuja lini, mkwe wangu?"

"Kabla hajaanza kupaka, Mama."

Mama mkwe akatikisa kichwa polepole. Akanyoosha mkono hewani, na binti yake akaushika. "Turudi, mwanangu."

"Mama, kule kuna ngazi!" mke akasema.

"Ngazi nazijua zilipo. Humu sijui nitakanyaga nini." Mlangoni akageuka, uso wake ukitafuta walipo wote wawili. "Ukuta ukishika, mniite. Nitakuja kuupapasa."

Walipoondoka, Najua aliliburuta lile kopo mpaka chumbani, akalizungusha, akasoma maandishi huku midomo yake ikicheza. Alikuwa ameivaa tena ile kofia ya gazeti. Mke alimtazama kutoka mlangoni, na dharau yote ya miaka ikamjaa mdomoni, tayari, imenolewa.

"Hii," Najua akauliza bila kuinua kichwa, "inapakwa kwa brashi au kwa rola?"

Hilo ndilo ombi alilokuwa amelisubiri, na sasa halikuwa na ladha. Akalimeza alilotaka kusema. Lilishuka kama mfupa.

"Kwanza msasa," akasema, akakunja mikono ya gauni. "Na vua hiyo kofia, unafanana na mkate wa boflo uliofungwa gazetini."

Wakaanza kukwangua, yeye ukuta huu, na mumewe ule.