Fundo Kwenye Msuko

Kitu cha kwanza nilichoona kilikuwa fundo. Fundo dogo la uzi mweusi, kwenye ncha ya msuko mmoja, nyuma ya shingo upande wa kushoto. Nilikuwa nimeketi kitandani nikifumua nywele ili mama anisuke upya, na vidole vyangu vilipofika pale vikasimama. Nywele zangu husukwa kwa uzi, ndefu, zinafika mabegani. Msuko ule uliishia chini ya sikio. Ulikuwa umekatwa sawasawa, na mahali ulipokatwa pamefungwa vizuri ili usifumuke.

Nilimwita mama. Akapiga magoti nyuma yangu, akaushika.

"Ni weye ulikata?"

"Hapana, mama."

"Ao ni Sandrine, kapteni wenu?"

"Hakuna mutu aligusa nywele yangu tangu ulinisuka."

Nilipokwisha kusema hivyo nilijua si kweli. Watu wengi walikuwa wamenigusa. Ilikuwa Jumatatu; Jumapili nilikuwa nimedaka penalti ya timu ya Isiro hapa kwetu, na Jumamosi nilikuwa nimesimama juu ya lori la sabuni.

Mimi, Safi, ni kipa wa Étoile ya Mangobo, timu ya wanawake ya Kisangani. Tulipoanza kushinda, kampuni ya sabuni ilituchukua. Sabuni yenyewe inaitwa Mikono, kwa hiyo walimtaka kipa. Walinipiga picha nikiwa nimenyoosha viganja mbele, misuko imeshuka mabegani, wakaibandika kwenye kuta za mtaa wa Makiso wote. Na kila Jumamosi kabla ya mechi ya Jumapili tunapanda lori lao lenye spika. Mbele yangu kuna beseni la maji. Nanawa hadi povu linajaa, watu wanapanda ngazi mmoja mmoja, wananawa pamoja nami, na ninawashika mikono ndani ya povu. Akina mama wanaleta watoto wachanga niwashike vidole. Wengine wananishika bega. Wengine shavu. Wengine wanavuta msuko kidogo, wanacheka, wanashuka.

Sijawahi kuwaambia kitu. Mimi si mtu wa kusema. Hata uwanjani, Sandrine, kapteni wetu, ndiye anayewapigia mabeki kelele kwa niaba yangu. Niliacha shule mwaka wa nne wa msingi, baba alipokufa, na tangu siku hizo mtu akininyooshea karatasi au maikrofoni mimi naangalia miguu yangu.

Mama alikuwa bado ameshika ule msuko.

"Huyu alipata wakati wa kufunga," akasema.

Mwizi wa nywele anakata na kukimbia. Huyu alileta chuma karibu na shingo yangu, akakata, kisha akabaki pale nyuma yangu akifunga fundo, kama mtu anayemfunga mtoto kifungo cha shati. Na mimi nilikuwa natabasamu mbele ya watu, mikono imo ndani ya povu.

Kwingine msuko usingeweza kukatwa. Mimi ni mtoto wa Kiislamu. Njiani najifunika, na hata golini nacheza na kitambaa kimefungwa kwa nguvu. Ni kwenye lori tu ndiko nywele zangu zinakaa wazi, kwa sababu kampuni inataka nifanane na picha.

Mama hakuniambia nywele za kipa zinaweza kutumiwa kwa kazi gani. Hakukuwa na haja. Huku kwetu kila mchezaji amesikia habari za kipa ambaye mikono yake ilikufa ganzi mbele ya penalti, na mwingine aliyeona mipira miwili badala ya mmoja. Mama aliokota kila unywele uliokuwa umeanguka sakafuni, akauchoma jikoni, halafu akanisuka upya. Kila kitana kilipogusa shingo yangu nilishtuka.

Kesho yake Sandrine alinipeleka kwa Papa Mahmoudi, rais wa timu yetu, ambaye ana duka la vipuri vya baisikeli Makiso. Tulimkuta na Lionel, kijana wa kampuni ya sabuni, ndiye anayeshika maikrofoni juu ya lori.

"Safi anataka kufunga kitambaa Samedi hii," Sandrine akasema. "Ao asipande kabisa."

Papa Mahmoudi alisikiliza habari yote. Akauangalia msuko kwa mbali, hakutaka kuugusa.

"Ni mubaya," akasema. "Lakini iko kwa contrat, mama. Joueuses wote banapanda camion mbele ya match. Niliwasomea, mukatia mukono."

Ni kweli, mkataba ule alitusomea, kwamba kabla ya mechi wachezaji wote tunapanda lori. Nilikuwa nimeandika jina langu kwa herufi kubwa, nikaona fahari.

"Na kitambaa?" Sandrine akauliza.

"Batu bameona nywele kwa affiche ya ukutani," Lionel akasema. "Wakiona kitambaa watasema tumewaletea dada yake." Akacheka. "Safi, ni kipande ya nywele tu. Vedettes, bale nyota wa Kinshasa, batu banabapasulia shati na wanacheka."

"Hao wako na garde du corps wa kuwalinda," Sandrine akasema. "Safi iko na nani, weye? Ngumi yako haiwezi kuua ata mende."

Lionel akaangalia mikono yake. Papa Mahmoudi hakucheka. Alivuta kiti, akakaa mbele yangu, akaongea kwa upole, na upole wake ndio ulionishinda.

"Sikia, binti yangu. Mechi ya Isiro ya mwaka jana, kule kwao, mafuta ya bus ni nani alichanga? Ni hao basupporteurs. Banatembea kwa miguu mpaka Simi-Simi kuwaona kwa entraînement, kwa mazoezi, na mvua inabanyeshea. Banaomba kitu gani? Mukono. Ukibanyima mukono, Dimanche nani atakuja kuimba jina yako?"

Nilijua anasema kweli. Yuko mama mmoja anayeuza chikwange, mkate wa muhogo, karibu na uwanja, hajakosa mechi hata moja, na kila nikitoka ananiwekea kipande pembeni. Ningemnyimaje mkono? Lakini kichwani nilikuwa na swali ambalo sikuweza kulitoa. Kudaka mpira, hiyo ni kazi yangu, naielewa. Mkono pia, sawa. Je, shavu? Bega? Nani aliamua wapi mimi ninaishia na wao wanaanzia?

"Nitamwambia Amuri asitoke nyuma yako ata kidogo," Papa Mahmoudi akasema. "Unamwamini Amuri?"

Nikaitikia kwa kichwa. Hapo pumzi ikanirudia.

Amuri, ambaye namwita tonton kama mjomba, ni mkubwa wa kamati ya washabiki, na ni fundi wa nguo. Alikuwa rafiki wa baba. Glavu zangu za kwanza alizishona yeye, kwa sponji ya kiti kilichochakaa na kitambaa cha koti la mvua. Mama alipokataa nicheze mpira, ndiye aliyekuja kukaa mlangoni kwetu siku tatu mfululizo mpaka mama akachoka. Utoto wangu wote nilikuwa naketi chini ya meza ya cherehani yake, naokota vipande. Juu ya lori ndiye anayesimama nyuma yangu siku zote, mikono ameitanua ili nisisukumwe.

Hata hivyo wiki ile sikulala vizuri, na mazoezini mipira iliniponyoka. Naudaka, halafu nafikiri: pengine sasa ndiyo wanaanza kazi na nywele zangu. Sandrine alinitazama tu, akanirudishia mpira polepole.

Jumamosi lori likasimama karibu na soko kuu. Watoleka, waendesha baisikeli za abiria, walikuwa wameegesha baisikeli zao kuzunguka pande zote, wengine wamesimama juu ya viti vyao ili waone. Muziki ulikuwa mkubwa hadi maji ya beseni yalikuwa yanatetemeka. Lionel aliniondolea kitambaa yeye mwenyewe, kwa vidole viwili, akaomba radhi. Upepo ukanipiga shingoni.

Nikaanza kunawa. Nilikuwa nimeamua: sitaangalia nyuso, nitaangalia mikono.

Mkono wa mwanamume wenye grisi ya mnyororo. Mkono wa msichana wenye hina. Kijana mmoja alipanda, mkono wa kulia umo mfukoni, na mimi nikarudi nyuma mpaka mgongo wangu ukagusa kifua cha Tonton Amuri. Kijana akautoa mkono. Ulikuwa na simu.

"Safi, mbona unaniangalia sawa douanier wa forodha? Sina marchandise ya kuficha, miye."

Watu wakacheka. Mama mmoja alikuwa na kisu cha kukatia pondu, majani ya muhogo, ndani ya kikapu chake, ncha imechungulia. Nikamshika mkono huku macho yangu yako kwenye kikapu, na nafikiri alidhani nimemdharau. Mwingine alinikaza vidole hakutaka kuniachia.

"Mukono huu sitanawa tena," akasema.

"Basi sabuni tutaiuzia nani?" Sandrine akamjibu, akamtelemsha ngazi kwa bega.

Mikono yote miwili imo ndani ya povu, imeshikwa, na shingo yangu iko wazi. Kila kitu kilichokuwa mbele yangu nilikilinda kwa macho. Nyuma nilimwachia Tonton Amuri. Nilisikia pumzi yake yenye harufu ya tangawizi, nikasikia anavyofuatisha wimbo wa spika kwa pua, kama anavyofanya kwenye cherehani. Hiyo ndiyo iliyokuwa inanituliza.

Halafu akaacha kuimba.

Nikasikia sauti ndogo sana karibu na sikio langu la kushoto. Ni sauti ya midomo inayolowesha uzi. Fundi hufanya hivyo kabla ya kufunga fundo, ili ncha isitawanyike. Niliisikia mara nyingi mno chini ya ile meza, hata spika za Lionel hazikuweza kuifunika.

Sikupiga kelele. Niligeuka na kudaka, kama ninavyodaka mpira uliobadilisha njia, na nilichokidaka kilikuwa kiganja cha mkono wake. Ndani yake kulikuwa na kile kimkasi chake cha kukatia nyuzi. Uzi mweusi ulikuwa unaning'inia mdomoni mwake. Msuko wangu ulikuwa bado mzima. Alikuwa hajakata.

Alinitazama bila aibu. Hiyo ndiyo iliyonitisha kuliko mkasi. Alinitazama kama mtu aliyekatizwa kazi nzuri.

"Tulia, mwanangu," akasema taratibu, chini ya muziki. "Ni kwa ajili yako."

"Tonton."

"Timu ya Bunia, ile ya kesho, banakutafuta. Bamekwenda kwa muganga wao. Na miye nikakwenda kwa wetu. Alisema nilete nywele ya kipa, tuifukie nyuma ya goli, basi hakuna kitu ya mubaya itakugusa. Dimanche uliona mwenyewe. Penalti ya Isiro, uliidaka. Sasa anataka ingine, mupya."

"Penalti ile niliidaka miye."

Akatabasamu, tabasamu lile lile la mlangoni kwetu.

"Mutoto, unafikiri ni mikono yako peke yake?"

Nilikuwa nimeiona penalti ile kila usiku kabla ya kulala, mguu wa msichana wa Isiro ulivyogeuka, nami nilivyojua mpira unakwenda wapi. Sasa nayo ilikuwa imechukuliwa, pamoja na nywele.

"Kwa nini hukuniuliza?" nikasema.

"Nikuulize nini? Weye ni wetu."

Alisema hivyo kwa upendo. Naapa ilikuwa kwa upendo. Macho yake yaliruka kutoka kwa watu hadi kwenye msuko wangu, na nikaona kuwa hata yeye anaogopa, anaogopa Bunia, anaogopa kushindwa, na ameweka hofu yake yote kwenye shingo yangu. Chini ya lori watu walikuwa wanaimba jina langu. Kwenye ngazi alikuwa amesimama yule mama wa chikwange, ameshanyoosha mkono, amevaa kitenge kipya kwa ajili ya kuja kuniona.

Lionel hakuona kitu. Alidhani nimegeuka kumkumbatia mzee. Akasogea na maikrofoni, akatupunguzia muziki.

"Na sasa, Kisangani, kipa wenu mwenyewe. Safi, wape ile maneno."

Maneno yenyewe ni manne, ya sabuni: mikono safi, mikono hodari. Siku zote Sandrine huyasema badala yangu. Safari hii Sandrine alikuwa ameuona mkasi. Alifungua mdomo, akaniangalia, akaufunga.

Niliachia kiganja cha Tonton Amuri. Nikachukua maikrofoni kwa mkono uliolowa. Ilikuwa nzito kuliko nilivyofikiri. Niliangalia miguu yangu, kisha nikaangalia watu, wengi hadi kwenye baisikeli za mwisho, wote wamenyamaza wananingoja, na sikuwa nimewahi kuogopa namna ile, hata siku walipomleta baba nyumbani.

"Naogopa," nikasema.

Sauti ikatoka kwenye spika zote, ikanirudia, na sikuitambua.

"Mukinigusa, naogopa. Kila Samedi naogopa. Musiniguse tena." Nikageuka. Alikuwa bado na uzi mdomoni. "Ata weye, tonton."